"Chuma Simdungi": Kadzo na Ndama Mgonjwa wa Matsangoni

Saa mbili asubuhi, zizini kwa Mama Jedida Sanga, Matsangoni. Kadzo Thoya amepiga magoti kwenye samadi, kaibana shingo ya ndama, na kidole gumba chake kinausaka mshipa. Ndama ana siku nne. Hanyonyi, hasimami, kitovu kimevimba na ufizi umepauka.

"Tulia, mamaa, tulia kidogo tu," anambembeleza, na damu inapanda kwenye bomba la sindano.

Huyu si ndama wa kuchezea. Mama Jedida ni mjane wa miaka sitini na mitatu. Ng'ombe wake amezaa madume matatu mfululizo, na huyu ndiye jike la kwanza. Ng'ombe mwenyewe kazeeka. Akifa ndama huyu, zizi halina mrithi.

Kadzo, mwenye umri wa miaka 38, ni mhudumu wa afya ya mifugo. Wenzake wengi hutazama ufizi wakachomoa dawa. Yeye hupima kwanza. Hutia damu kwenye mirija miembamba ya kioo, akaizungusha kwa mashine ndogo inayotumia betri ya pikipiki. Kisha huitumbukiza mirija kwenye chupa ya chai yenye maji ya nyuzi hamsini na sita, dakika tatu kamili, akaizungusha tena. Tabaka jeupe likijitenga nene juu ya damu nyekundu, anajua mwili unapigana na vijidudu.

"Tazama, mama," anamwonyesha Mama Jedida. "Damu anayo ya kutosha. Lakini huu weupe, loo! Maambukizi haya si mchezo. Dang'a alinyonya?"

Mama Jedida anainamisha uso. Maziwa yale mazito ya mwanzo aliyakamua akawapikia wajukuu, kama walivyofanya kwao miaka yote. Ndama akaachiwa yaliyobaki.

"Jamani, mama! Ile ndiyo kinga yake!"

Kadzo anampigia simu Daktari Fahima, daktari wa mifugo aliye Malindi, naye anaagiza dawa ya kuua vijidudu na maji ya mshipani. Damu nyingine inafungwa kwenye barafu na kupelekwa maabara.

Majibu yanaingia kesho yake kwenye simu ya Mama Jedida: madini ya chuma katika damu ya ndama yameshuka mno. Mama wa watu, kwa hofu, anakwenda kumwonyesha Mangi, mwenye duka la dawa za mifugo kando ya barabara. Mangi haji mikono mitupu.

"Si huwa nasema ufizi mweupe ni kukosa chuma?" anafoka, chupa ya sindano ya chuma mkononi. "Maabara yenyewe imesema! Mdunge huyo ndama ainuke."

"Thubutu! Simdungi hata kwa dawa."

"Wewe umesoma kuliko maabara?"

"Nimeisoma hiyo hiyo maabara. Vijidudu navyo vinakula chuma, Mangi. Mwili umekiondoa kwenye damu ukakificha makusudi, vikae na njaa. Wewe unataka kuvipakulia chakula?"

Kadzo hasemi hayo kwa kubahatisha. Mwaka jana alimdunga chuma ndama wa namna hii hii, ufizi mweupe, kitovu kibovu. Alikufa siku ya pili.

"Daktari aliniambia labda angekufa tu hata bila sindano ile," anasema. "Labda. Lakini aliyeishika ni mimi."

Ndipo alipoanza kujifunza kupima, na ndipo maneno yalipoanza: ati ana kiburi, ati mwanamke gani huyu anayebishana na dawa.

Mama Jedida anamtazama Mangi, anamtazama Kadzo. "Mwanangu, akinifia huyu, usikanyage tena kwangu."

"Sawa, mama. Lakini chuma simdungi."

Siku tatu Kadzo anakwenda na kurudi. Anasafisha kitovu, anatundika maji, anamnywesha maziwa kwa chupa kidogo kidogo. Siku ya pili ndama anazidi kulegea, na Mama Jedida hamwitikii hata salamu. Kadzo anaendelea na kazi.

Asubuhi ya nne anakuta ndama amesimama, miguu inatetemeka, kichwa kimezama chini ya tumbo la mamaye, anakigonga kiwele kwa hasira ya njaa. Kipimo kinarudiwa. Tabaka jeupe limepungua. Siku chache baadaye maabara inaleta jibu: chuma kimeanza kupanda chenyewe.

"Bahati tu," anasema Mangi anapoulizwa.

Kadzo anacheka mpaka machozi yanamtoka. Siku ya gulio, anasema, ataiweka mashine yake mbele ya duka hilo hilo, na kila atakayekuja kununua sindano ya chuma atampimia ndama wake kwanza.

"Atanifukuza, najua. Nitahamia ng'ambo ya barabara. Barabara si yake."