Posa ya Saa Tisa

Kutoka kwetu Gongoni hadi Kanyenye, kwa baba wa msichana niliyetaka kumwoa, ni mwendo mfupi wa miguu. Siku ya posa tulichelewa kwa saa sita nzima.

Mzee yule alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alimtumia mshenga wetu ujumbe wa simu: "Jumamosi, 0900. Msichelewe." Mshenga, fundi cherehani aliyejiona anajua kila kitu, akamsomea shangazi yangu.

"Saa tisa," shangazi akasema. "Vizuri, jua litakuwa limepungua."

Asubuhi ile nikapiga pasi shati langu mara mbili. Mchumba wangu alinipigia mara nne. Simu nilikuwa nimeiacha kwenye chaji chumbani.

Saa tisa mchana kamili tukabisha hodi. Mzee alikuwa sebuleni ndani ya suti, viatu vinang'aa, mbele yake birika la chai iliyopoa.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Sasa ni saa kumi na tano, sifuri sifuri."

Mshenga akaitazama saa yake ya mkononi, kisha akaitikisa.

Ndipo mzee akatufundisha. Saa ya jeshi huanza saa sita usiku na kuhesabu moja kwa moja hadi ishirini na nne. "Ukitaka ya kwenu, toa sita. Tisa toa sita?"

"Tatu," mshenga akajibu kama mwanafunzi.

"Asubuhi," mzee akamalizia, akimkazia macho.

Shangazi hakukubali. "Na ikiwa sifuri mbili, baba? Hiyo sita niitoe wapi?"

Mzee akasita. "Hapo unajumlisha."

"Mara nitoe, mara nijumlishe! Sisi tumekuja kuposa, hatukuja kufanya mtihani."

Kicheko kikapasuka jikoni; nilikijua ni cha nani. Mzee akajitahidi kukunja uso, akashindwa. Akaagiza chai ipashwe moto, na barua yetu ya posa akaipokea kwa mikono miwili.

Mwaka jana mke wangu alipojifungua, nilimpigia mkwe wangu kutoka hospitali nikiwa nimejiandaa vizuri.

"Baba, mjukuu wako amezaliwa saa kumi na sita na arobaini."

"Hebu sema Kiswahili, mwanangu," akasema, sauti ikimtetemeka. "Mama yake ni mzima?"

Nikamwambia wote wazima.