Kinanda cha Mama Pindo Kilipobweka

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hakuna suruali iliyowahi kutoka kwake pindo limekwenda kombo. Akishafunga kazi, alivuta kinanda chake kutoka pembeni mwa meza ya kukatia vitambaa, akakipiga mpaka majirani wakazoea kukoroga vyungu kwa mapigo yake.

Mke wa kaka yake, nesi wa zahanati, alikuwa na ugonjwa huohuo wa muziki. Akajinunulia kinanda cha mtumba kisicho na spika. Ukikibonyeza, kimya kama kabati.

"Wifi," akamwambia Mama Pindo, "muuzaji anasema hiki hakilii mpaka kiunganishwe na kompyuta."

Basi Jumamosi moja mchana wakavichomeka vinanda vyote viwili kwenye kompyuta kuukuu ya Mama Pindo, iliyokuwa na programu ya kutoa sauti za ala. Wakabonyeza. Kompyuta haikusema neno. Wakampigia simu kaka mtu, naye akawaeleza kwamba waya peke yake haitoshi. Lazima kompyuta iambiwe habari za kinanda zitoke mlango gani na ziingie mlango gani, na inaambiwa kwa kuandikiwa amri, aconnect. Ukiongeza -l inakutajia milango yote. Ukitaka kuunganisha, unaandika namba ya mlango zinakotoka, halafu namba ya zinakokwenda.

"Kumbe ni mambo ya mabomba tu," akasema wifi.

Milango ikatokea: kinanda cha Mama Pindo 20:0, cha wifi 24:0, programu 128:0.

Hapo akaingia muuza nyama wa mtaa wa pili, mtu wa kitambi na haya nyingi, kujaribu suruali yake mpya. Akatoka nyuma ya pazia kiuno kimejaa pini, akasimama kando ya kinanda cha Mama Pindo, simu mkononi.

"Samahani, hapa wifi ipo?"

"Yupo," Mama Pindo akajibu macho yakiwa kwenye kompyuta. "Si huyo hapo, anatafuta miwani."

Muuza nyama akamtazama wifi, kisha akaitazama simu yake. Mama Pindo akaandika aconnect 24:0 20:0, akampa wifi ishara. Wifi akabonyeza kitufe.

Kinanda kilichokuwa kando ya muuza nyama, ambacho hakuna aliyekigusa, kikabweka. Mama Pindo alikuwa amekiacha kwenye sauti ya mbwa, ile anayowachekeshea wajukuu. Wifi, kwa furaha ya kusikia chochote, akabonyeza kwa vidole vyote kumi. Likabweka kundi zima. Walipogeuka, muuza nyama alikuwa juu ya meza ya kukatia, miguu imekunjwa, pini zinamdunga, wala hathubutu kujikuna.

"Shuka, kaka yangu," akasema Mama Pindo, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Nimekosea mlango. Nimempeleka wifi kwenye kinanda changu."

"Wifi gani tena?"

Wifi alishakaa sakafuni, ameshika mbavu. Ilibidi waanze upya mara kadhaa, maana kila Mama Pindo alipogusa herufi mmoja wao alibweka kidogo na kazi ikaharibika. Mwishowe akaandika aconnect -d 24:0 20:0 kuvitenganisha, kisha akaelekeza kila kinanda 128:0. Wifi akabonyeza kwa kidole kimoja, akiogopa. Spika ikatoa sauti ya piano, nene na tamu.

Wakapiga. Walipishana, wakakanyagana, wakarudi mwanzo, wakakanyagana tena palepale. Muuza nyama, bado yuko mezani, akaanza kutikisa kichwa, kisha mabega.

"Na mimi nibonyeze kimoja?" akauliza.

Wakampa kitufe cha mwisho kushoto. Akakishikilia kwa dhati, jasho likimtoka, na chumba kizima kikanguruma. Aliondoka jioni ile na pini zake kiunoni, suruali imesahaulika kupunguzwa. Siku hizi bucha hufungwa mapema kila Jumamosi, na wateja wakilalamika anawaambia ana mazoezi ya bendi.