Nyasi za kipande cha tatu zimefariki

Citoyens wapendwa wa kituo chetu cha utafiti wa udongo, ninawatangazia kwa huzuni kubwa: nyasi za kipande cha tatu zimefariki asubuhi hii.

Musicheke kwanza.

Munakijua kile kipande cha jaribio letu pale kilimani. Tangu mwaka juzi hatukigusi kwa jembe, ili wageni wa Kinshasa waone kwamba kilima chenye nyasi hakipotezi udongo mvua ikinyesha.

Wageni wanafika Jumatatu. Wakisadiki, watashauri moto wa kuchoma nyasi ukatazwe milimani. Hatuna kitu kingine cha kuwaonyesha.

Leo ilikuwa salongo, siku ya usafi wa pamoja. Mtaa mzima ulikuja na mapanga.

Nilipofika, kipande kilikuwa na upara kunizidi.

Maman Furaha, mkubwa wa salongo, alikuwa anapangusa panga lake.

“Papa Directeur, iko muzuri sasa? Ile pori ilikuwa inatupatisha haya. Wageni wangesema muko wavivu.”

“Maman, ile pori ndiyo ilikuwa kazi yetu.”

Akaniangalia kwa huruma. “Basi kazi yenu ilikuwa na nyoka.”

Mawingu yamejaa juu ya ziwa, na udongo ule hauna tena wa kuushika.

Mwenye shauri aandike hapa chini. Kalamu nimeifunga kwa kamba.

Sasa ukweli, kabla maman hajawaambia. Jana aliniuliza wasafishe mpaka wapi. Mimi nilikuwa mbele ya kioo, najaribu suti mpya, abacost ya kupokelea wageni. Hata sikugeuka.

Nikasema, “Kote, maman. Kote kabisa.”