Kadi Kumi na Saba za Oili

Mramba Ngumbao, fundi wa magari wa Miritini, hununua karatasi nyeupe ya manila mara moja kwa mwaka, mwezi wa Januari, wakati wazazi wanapowanunulia watoto vifaa vya shule. Huikata vipande vyenye upana wa kiganja kwa mkasi alioachiwa na marehemu mkewe, Mbeyu, aliyekuwa mshonaji. Kila gari linapobadilishiwa oili, kipande kimoja huandikwa mambo manne: tarehe, aina ya oili, kilomita zilizosomeka siku hiyo, na kilomita ambazo zikifika gari lirudi. Kisha hutobolewa tundu na kufungwa kwa uzi kwenye usukani. Gari likirudi, kadi nayo hurudi. Mramba huandika kilomita za kurudi, huchomoa kijiti cha kupimia oili, na hudondosha nyuma ya kadi tone moja la oili iliyotumika. Tone likishanywewa na karatasi, kadi huingia katika mkebe wa maziwa ya unga wenye jina la mwenye gari.

Kazi hii alifunzwa Changamwe mwaka 1984, na tone hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza. Oili ikiwa ingali na uhai, tone huenea likawa duara la rangi ya chai ya rangi, sawasawa toka kati hadi ukingoni. Ikiwa imekwisha, hubaki kiini cheusi katikati, mfano wa mboni ya jicho. "Mwenye gari aweza kukudanganya," aliniambia siku ya kwanza nilipomrekodi. "Hata mimi naweza kukudanganya. Tone haliwezi."

Nilikuwa nimekwenda kukusanya masimulizi ya maisha ya mafundi wa bara ya magharibi ya mji, upande huu wa Changamwe na Miritini, na mikebe ile, ipatayo hamsini, sikuitarajia. Nikamwomba ruhusa nizipange kadi kwa tarehe kabla ya kuzisoma, kama nilivyofundishwa kuzitendea nyaraka zozote. Alikubali, ila alicheka kidogo. Hakuna aliyewahi kumwomba jambo hilo.

Jumamosi ya tatu, mwezi wa Agosti mwaka 2025, niliufikia mkebe wa Velma.

Velma ni mwanawe wa pekee. Anaendesha teksi, na anaishi Timbwani, Likoni, pamoja na mumewe, ambaye hupokezana naye usukani. Gari lake la sasa alilinunua mwaka 2021, na tangu siku ya kwanza babake alilitilia oili ya sinthetiki. Mzee alinieleza tofauti kwa uvumilivu: oili ya kawaida huchoka gari likishakwenda kilomita elfu tano, sinthetiki, injini ikiwa nzima na filta ikiwa njema, huenda elfu kumi au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Kadi za kwanza za Velma zinakubaliana na maneno hayo. Kila moja inamtaka arudi baada ya elfu kumi, na kwa mwendo wake hiyo ni miezi minne hivi.

Kadi ya tarehe 10 Juni 2023 inasema elfu tano. Oili ni ileile na gari ni lilelile. Kadi zote zilizofuata, nazo ni kumi na tano, zinasema elfu tano vilevile. Nikazigeuza. Matone yote kumi na sita yalikuwa ya rangi ya chai, hakuna lenye kiini. Upande wa mbele ulidai oili imekwisha. Upande wa nyuma ulikanusha.

"Mzee," nikamwuliza, "mwaka 2023, mwezi wa Juni, kulibadilika nini?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Feri," akasema. "Velma huvuka na feri. Kwenye foleni gari husimama injini ikiwaka, maana abiria wataka baridi. Injini yafanya kazi lakini kilomita haziongezeki. Kilomita hazihesabu foleni."

Lilikuwa jibu la fundi, na ni la kweli; nikaliandika. Lakini Taha, mwenye duka la vipuri lililopakana na gereji, alikuwa amesikia. Kwao ni ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi, na ulimi wake haukai ndani.

"Mwulize," akaniambia kutoka mlangoni kwake, "kama feri ilianza kuvusha watu mwaka huo!"

"Taha, uza misumari yako."

"Siuzi misumari, nauza vipuri. Na oili hiyo mimi ndiye niuzaye. Nikisema yakaa najiharibia biashara, lakini wallahi yakaa!"

Mramba alivuta kigoda, akaketi karibu nami, akaangalia kadi nilizozipanga safu mbili juu ya benchi. Baadaye alisema kwa sauti ya chini, na nayanukuu maneno yake kwa idhini yake:

"Mbeyu alikuwa akimpigia simu kila Alhamisi. Wakizungumza saa nzima. Mwisho napewa mimi, nauliza, gari lasemaje? Hilo ndilo nijualo kumwuliza mtoto. Tulimzika Mbeyu mwezi wa Aprili. Juni Velma akaja, nikabadilisha oili, nikakaa niandike kadi. Nikahesabu miezi. Nikaona hadi Oktoba. Nilipotazama, mkono ulikuwa umeshaandika tano."

Nikamwuliza kwa nini hakumwita tu.

"Nimwite nimwambie nini?"

Jambo lililomsumbua asubuhi ile lilikuwa jingine. Barabara ya Dongo Kundu ilikuwa imefunguliwa, na sasa Velma alitoka Likoni hadi Miritini bila ya kukanyaga feri. Foleni, ambayo ndiyo sababu aliyompa binti yake miaka yote miwili, haikuwapo tena. Na Velma alikuwa njiani.

"Nikimwambia kweli, nitamwona Desemba," akasema. "Nisipomwambia, mimi si fundi tena. Miaka arubaini nimewaambia watu tone halidanganyi."

Velma alifika kabla ya adhuhuri, peke yake garini, kadi ikining'inia kwenye usukani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Gari lasemaje?"

"Halisemi kitu. Ndiyo maana nimelileta mapema, lisije likaanza kusema." Akanisalimu, akamsalimu Taha, akarudi kwa babake akicheka. "Baba, nusu saa! Toka Timbwani hadi hapa nusu saa tu! Foleni ya feri nimeshaisahau."

Mramba alikuwa ameshatandika gunia chini ya gari na kuweka beseni safi la kumwagia oili. Akafungua boneti, akasubiri injini ipoe kidogo, akachomoa kijiti, akageuza kadi na kudondosha tone. Sote tulilitazama likienea. Lilikuwa na rangi ya chai toka kati hadi ukingoni.

Velma amelelewa katika gereji hiyo. Aliinama karibu zaidi.

"Mbona njema hivi?"

Mzee akaja kwenye benchi. Akazichukua zile kadi kumi na sita, moja moja bila ya kuzivuruga, akaenda kuzilaza juu ya boneti iliyofungwa, matone yakitazama juu. Ya kumi na saba akaiweka mwisho.

"Velma."

"Abee."

"Zitazame."

Alizipitia toka kushoto hadi kulia, taratibu, akiigusa kila moja kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Zote nzima."

"Zote."

"Umemwaga oili nzima mara kumi na sita, Baba."

"Nimeimwaga."

"Wewe? Wewe uliyenichapa kwa kumwaga nusu kikombe?"

"Sikukuchapa. Nilikufokea."

"Ulinifokea majirani wakaja! Mama akanificha chini ya cherehani!" Alikuwa akicheka, kisha hakuwa akicheka. "Kwa nini, Baba?"

Fundi alitazama beseni lake.

"Mamako ndiye aliyekuwa akipiga simu," akasema.

Malori yalipita barabarani. Taha, nitamshukuru kwa hilo, alijitia kupanga vipuri vyake.

Velma akaanza kuzigeuza kadi moja baada ya nyingine, hadi zote zikawa zinaonyesha maandishi. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayegawa karata.

"Haya, vaa miwani," akamwambia. "Wewe umenisomesha nyuma, sasa nisomee mbele. Ulinitaka nirudi baada ya elfu tano. Nilirudi baada ya ngapi? Toa."

Mramba akavaa miwani. Alitoa kichwani, midomo ikitikisika. Elfu nne na mia moja. Elfu tatu na mia tisa. Elfu nne kasoro hamsini. Elfu tatu na mia nane. Nami nilikuwa nikifuatisha kwa macho, nikiona haya, maana nilikuwa na kadi hizo mkononi tangu asubuhi, nikashughulika na tarehe na matone, tarakimu za kurudi nisizitoe. Hakuna hata kadi moja iliyofika elfu tano.

"Mimi nilidhani ni abiria wa treni," Mramba akasema polepole. "Nilidhani wawaleta stesheni hapa, ndipo wapitia."

"Umeniona na abiria hata siku moja?"

Alifikiri kwa uaminifu. "La."

"Basi."

"Na mimi," akaendelea Velma, akizikusanya kadi ili asimtazame usoni, "sikujua niseme nimekuja kufanya nini. Kwa Mama nilikuwa najiketia tu. Kwako mtu haji bila gari bovu."

"Subhanallah!" Taha akashindwa kujizuia. "Wawili nyinyi mmeniweka mjini miaka miwili, nami nikidhani ni baraka za biashara!"

Kicheko kilipokwisha, Mramba aliondoa beseni chini ya gari. Halikuwa na hata tone. Akakata kadi mpya, akakaa kuandika. Sinthetiki iliyokuwamo ilikuwa imekwenda elfu nne. Kwa hiyo aliandika elfu sita zilizobaki, akapiga mstari chini yake. Akatoboa tundu, akapitisha uzi. Lakini hakuifunga kwenye usukani. Aliishika.

"Usizingoje hizo," akasema.

"Zipi?"

"Hizo elfu sita. Njoo..." Alikohoa. "Njoo hata gari likiwa zima."

"Na likiwa kazini na mume wangu?"

"Panda tuk-tuk."

"Na tuk-tuk zikigoma?"

"Njoo na miguu, Velma! Ah!"

"Ndiyo hivyo nifokee," akasema Velma, machozi yakimlengalenga. "Kesho nakuja. Nakuja bila gari. Nitaleta muhogo na samaki, wewe uweke maji tu."

"Nitaweka." Ndipo akaifunga kadi kwenye usukani.

Alipoondoka, Mramba alinisaidia kuzirudisha kadi kumi na saba mkebeni kwa mpango niliouweka, ya karibuni juu. Nikamwambia kwamba nimesahau kuipiga picha ile mpya, na kwamba ningependa kuwa nayo ili kumbukumbu ikamilike.

"Hiyo bado yatumika," akasema, akaenda kutafuta sufuria.