Mawe ya Kulinda Mahindi

Kijiji chetu kiko kando ya barabara kuu, kati ya Vwawa na Tunduma, na kila mama pale ana kipande chake cha lami. Hakuna aliyetugawia. Mahindi yakitoka shambani na unyevu, unatandika turubai ukingoni mwa barabara, unaanika, na upande wa magari unapanga mawe ili lori lisikukanyagie chakula. Lami inakausha kwa siku mbili kile ambacho uwanja wa nyumbani unakihangaikia wiki nzima. Mawe yangu yalikuwa manne. Niliyachagua mwenyewe mtoni na nilijivunia ukubwa wake.

Polisi kata alipotuitisha mkutano nyuma ya ofisi ya kijiji, alianza na vijana wanaodandia malori yakipanda kilima na kushusha mizigo ya watu. Tulimpigia makofi. Akahamia kwa madereva wa bodaboda wanaopakia abiria watatu, tukapiga tena. Kisha akatugeukia sisi akina mama.

"Yale mawe," alisema. "Mvua ikianza mnakimbiza mahindi ndani, mawe mnayaacha barabarani. Mtu wa pikipiki hayaoni. Naomba yaondoke."

Nilisimama. Nina mdomo, sikatai. "Afande, wewe una mshahara, sisi tuna mahindi. Lori likiyakanyaga utakuja kutupikia ugali?"

Mkutano mzima uliangua kicheko. Yeye alitabasamu tu. "Basi mama, angalau uyatoe ukimaliza kuanua." Nilikaa chini nikijiona nimemkomesha.

Wiki hiyohiyo mume wangu alikwenda na pikipiki yetu kumwona dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Alasiri wingu likashuka ghafla, manyunyu yakaanza. Nilianua mbio, viroba sita, nikavipandisha peke yangu mpaka nyumbani huku mgongo ukilalamika. Nikawasha moto, nikakaa kuchambua maharage, nikajisifu kwamba hata punje moja haikulowa.

Nilipochungulia dirishani baadaye, ukungu ulikuwa umefunika hata migomba ya uani. Ndipo nikakumbuka mawe.

Nilimpigia mume wangu simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nilijiambia labda bado yuko kwa dada yake, wanakunywa chai, simu iko kwenye koti. Lakini ninamjua mume wangu. Mvua ikinyesha hukimbilia nyumbani, na akiwa njiani hapokei simu.

Nilitoka mbio. Ndala ilikatika, nikaitupa. Kutoka kwetu hadi lami ni mteremko wa utelezi, na malori nilikuwa ninayasikia tu, siyaoni, yananguruma ndani ya ule weupe kana kwamba yanatoka kila upande. Nikalipata jiwe la kwanza, nikalivuta pembeni. La pili. La tatu. La nne halikuwapo mahali pake. Nilipapasa kwa mguu, nikarudi nyuma, nikapapasa tena, huku nikisema kwa sauti, "Mungu wangu, asiwe yeye." Sikufikiria kwamba asipokuwa yeye atakuwa mume wa mwenzangu. Hilo linanitia aibu mpaka leo.

Kisha nikaona taa ya pikipiki ikimulika majani, chini mtaroni.

Alikuwa amelala ubavu, mguu umepinda vibaya chini ya goti. "Usipige kelele, mke wangu," alisema. "Niko mzima. Ni mguu tu." Nilipiga kelele hata hivyo. Majirani walikuja, gari dogo likasimama, tukampakia, na dunia yote ikanitoka kichwani isipokuwa ule mguu.

Kule zahanati, nesi alimuuliza amegonga nini. "Mbwa," alijibu haraka. "Alinikatiza." Nilimtazama. Hakunitazama, ila alinishika mkono na kuuminya. Polisi kata alifika muda si mrefu akiwa na daftari, koti limelowa, na mume wangu akarudia uongo wake na kuunogesha: mbwa mweusi, mkubwa, hana mkanda shingoni. Afande aliandika yote. Akasema kesho atapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wafunge mbwa wao.

Nami nilinyamaza. Niliogopa kesi. Niliogopa zaidi wale walionichekea mkutanoni, maana sasa wangenicheka mimi. Nilisubiri tu afande aondoke nipumue. Aliposogea kuongea na nesi, nilimwinamia mume wangu sikioni.

"La nne liko wapi?"

"Nimelisukuma kwa tairi," alinong'ona. "Limebingirika katikati ya barabara."

Nje kiza kilikuwa kinaanza kuingia, na mabasi ya kutoka Tunduma yalikuwa bado yanapita.

"Afande," nilisema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hakuna mbwa. Ni mawe yangu. Moja liko katikati ya lami sasa hivi."

Alitoka, akawasha pikipiki yake, nikapanda nyuma. Njia nzima nilikuwa nikisikiliza, nikingoja mlio wa breki.

Tulilikuta juu ya mstari mweupe, na alama nyeusi ya tairi juu yake. Niliinama nilibebe mwenyewe, akaniwahi. Akalibeba yeye mpaka ng'ambo ya mtaro, akajifuta matope kwenye suruali, akarudi. Kisha akaniuliza, bila kejeli hata kidogo, kama mahindi yangu yamesalimika.