Somo la Kaniki na Pamba

Saa tatu asubuhi, katika shule moja ya Bagamoyo, Mwalimu Sadallah Mwinyimvua anapanga mabakuli manne ya bati mezani. Moja lina kipande cha gunia, la pili makumbi ya nazi, la tatu sufi, la nne pamba. Anamimina kikombe kimoja cha maji katika kila bakuli, kisha anawataka wanafunzi wahesabu hadi mia bila kuruka.

Sufi inaelea, kavu.

"Mwalimu, sufi imefunga!" anasema Ashatu wa dawati la mbele.

"Na pamba?"

"Hiyo inakula mchana!"

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu anatabasamu, anaikamua pamba. Maji yanachuruzika.

"Hayakuonekana mpaka nilipoyakamua. Andikeni hivyo."

Somo hili amelifundisha kila mwaka tangu 1938. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mkewe, Sikuzani, alijifungua binti, Zaina, nyumbani. Mkunga alikuwa Bi Mosi, ambaye ndiye aliyezalisha karibu mtaa mzima.

Kama ilivyo desturi, mzazi alitandikiwa kaniki juu ya godoro, ili weusi wake umstiri, damu isionekane. Bi Mosi alitazama, akaona pametulia. Sikuzani alijifungua baada ya adhuhuri, magharibi haikumkuta hai. Godoro lilipoondolewa, lilibebwa na watu wawili kwa uzito wa damu.

"Godoro lile la pamba nililinunua mimi," anasema mwalimu, akifuta meza ambayo imekwisha kukauka. "Nilitaka alale pazuri."

Leo, mwaka 1955, Zaina ana mimba ya miezi minane. Ukoo wa mumewe hautaki mkunga mwingine ila Bi Mosi. Mwalimu amemwalika bibi huyo shuleni mara tatu. Mara mbili hakuja.

Wanafunzi wakiwa wamekwisha kutoka, Bi Mosi anaingia na mkongojo wake.

"Shikamoo, Bi Mosi."

"Marahaba, baba. Nimezalisha tangu hujaota ndevu, leo unanifundisha uzazi kwa maji ya mtungi?"

"Sikufundishi, mama. Nakuomba uguse tu."

Mwalimu ametandika kaniki juu ya bonge la pamba na kumimina vikombe viwili taratibu. Bi Mosi anapapasa juu.

"Unyevu kidogo. Kama jasho."

Mwalimu anaikamua pamba, anayapima maji mbele yake: kikombe kimoja na robo tatu.

Bi Mosi anavitazama vikombe. Anakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigota ubao.

"Nilikwambia ametulia," anasema.

"Ulisema ulichokiona, mama."

"Miaka kumi na minane hukunitupia neno."

"Nilijaribu kulitafuta lililo la haki. Sikulipata."

Bibi anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Zaina nitamtandikia shuka nyeupe ya marekani, damu ionekane. Na mkono nitaupitisha chini yake kila mara. Mawifi wakisema nimemvua sitara, waje kwangu."

Mwalimu anataka kulifikisha somo hili kwa wakunga wa Mapinga na Kiwangwa, na Bi Mosi amekubali kwenda naye. Tarehe mwalimu hajaiweka, yeye ambaye hupanga kila kitu.

"Kwanza nimwone binti yangu ameketi, ananyonyesha," anasema. "Mama yake hakuwahi."