Uzi wa Shingoni

Mtaani walimwita Mama Pindo, maana hakuna aliyepita mbele ya cherehani yake na pindo lililofumuka akaachwa aende zake. Angemvuta hata asiyemjua, amshonee palepale amesimama.

Sasa ilikuwa siku ya tisa amelala chali hospitalini. Maambukizi yalikuwa yameyashambulia mapafu yake hadi yakashindwa kazi. Damu ilitoka kwa bomba la pajani, nyeusi, ikapita kwenye mashine kando ya kitanda, ikatiwa hewa, ikarudi nyekundu kwa bomba la shingoni. Nesi alimweleza kwamba mashine inashika zamu mpaka mapafu yapone. Kugeuzwa ubavu tu, mpaka waje watu wanne. Pua ikimwasha, avumilie.

Kilichomkera zaidi ni uzi. Bomba la shingoni lilishikizwa kwenye ngozi kwa mishono minne, na mmoja ulikuwa na ncha inayoning'inia. Asubuhi aliigusa tu. Kufika adhuhuri vidole vilikuwa vimeshafumua fundo, vyenyewe, kama vinavyofumua shati la mteja huku yeye akipiga soga. Bomba likacheza. Mashine ikalia.

Nesi alifika mbio akalishikilia, daktari akashona upya. Kisha wakamfunga mikono yote miwili kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda.

Mumewe, aliyeruhusiwa saa moja tu kila alasiri, alikuja na habari kwamba kitinda mimba wao ameanza kusimama dede. Alipoona zile bendeji akasahau habari, akafoka: mke wake kafungwa kama mbuzi, kaiba nini? Nesi alimwacha amalize, ndipo akamwambia kwamba bomba lile likichomoka, mama huyu ana dakika chache tu.

Mume akanywea. Akamwinamia mkewe, akamuuliza kama akifunguliwa atatulia.

Mama Pindo alitamani kuitikia. Lakini alitazama mkono wake wa kulia: kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana, vinatafuta ncha.

"Nesi," alisema kwa sauti iliyokauka, "daktari wako anashona ovyo."

"Ukipona utamfundisha, mama."

"Nifungulie mkono huu, nimshike mume wangu. Akiondoka unifunge. Ukaze. Siuamini."

Saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha, mume akauachia ule mkono, akaaga. Nesi alikuwa bado anatafuta bendeji mpya. Mama Pindo akaulaza mkono mwenyewe juu ya chuma, akangoja.